Ni Sinki Tu, au Bomba Kuu la Maji Taka Limeziba?

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia sukari, presha na chanjo za watoto. Leo nawaomba tuzungumzie jambo ambalo wengi huliona ni kazi ya fundi bomba na si ya muuguzi, nalo ni bomba la maji taka la nyumba unayoishi. Mimi ni muuguzi, nimesomea kazi hii nyumbani Tanzania na baadaye hapa Afrika Kusini. Kwa miaka niliyofanya kazi hapa Durban, mtoto akiletwa na kuharisha kwa mara ya pili au ya tatu ndani ya muda mfupi, namuuliza mama yake amekula nini, halafu namuuliza: "Na choo chenu kinavutaje?"

Wengi hushangaa. Kisha hujibu kitu kama hiki: "Dada, kinavuta, ila lazima uvute mara mbili, na ukivuta maji yanatokea bafuni." Husemwa kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza tabia ya mlango mkorofi. Lakini jibu hilo ni dalili, tena si ya choo. Ni dalili kwamba bomba kuu la nyumba nzima limeziba au linakaribia kuziba, na kwamba kinyesi cha watu wengine kiko njiani kurudi ndani.

Tusilaumiane kwa kutolijua hili. Wengi wetu tumekulia kwenye vyoo vya shimo au nyumba zenye karo. Shimo hujaa polepole, mwaka hadi mwaka, na dalili zake kila mtu anazijua. Likijaa unaita gari la kunyonya, au kwa Dar es Salaam unawaita wale vijana wanaoitwa vyura waje kulipakua kwa mikono. Wengine husubiri masika wakatapisha choo kwenye maji ya mvua, jambo baya kabisa ambalo majirani wa bondeni ndio wanaolilipia. Hapa Durban nyumba nyingi za mjini zimeunganishwa na bomba linalopita chini ya barabara mpaka kwenye mitambo ya kusafisha maji taka. Bomba halina subira kama shimo. Linaweza kuwa zima asubuhi na jioni likawa limeziba.

Halafu kuna namna tunavyoishi. Ghorofa za Point, South Beach na Albert Park, ambapo chumba kimoja hugawanywa kwa mapazia. Nyumba za zamani za Umbilo na Glenwood ambazo zilijengwa kwa familia moja na leo kila chumba kina familia yake. Vyumba vya uani Chatsworth na Phoenix. Bomba lililowekwa kwa ajili ya watu watano linapokea uchafu wa watu ishirini na zaidi, choo kimoja, bafu moja, na hakuna hata mmoja anayejiona kuwa ndiye mwenye kusema. Kila mmoja anadhani mwenzake ameshamwambia mwenye nyumba.

MAJI TAKA YANAVYOSAFIRI

Hebu tuelewane kwanza jinsi mabomba yanavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hapa dalili zote zitakuja zenyewe. Maji safi huja kwa kusukumwa, ndiyo maana ukifungua koki yanaruka. Maji taka hayasukumwi na kitu. Yanateremka tu. Choo, bafu, sinki la jikoni, beseni la kunawia na mashine ya kufulia, kila kimoja kina kibomba chake, na vibomba hivyo vyote hukutana kwenye bomba moja kubwa la uani, ambalo kwa nyumba nyingi za hapa lina upana wa milimita 110 hivi. Bomba hilo hupita kwenye chemba, yaani yale mashimo yenye mifuniko, hadi mpakani mwa kiwanja na kuingia kwenye bomba la manispaa ya eThekwini.

Chini ya kila sinki kuna bomba lililopindwa kama shingo ya bata. Pale kwenye pindo hubaki maji kidogo wakati wote. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya chini isipande ndani. Chooni pia ni hivyo hivyo: yale maji unayoyaona kwenye bakuli ni kizuizi, hayako pale kwa urembo. Kama una bafu ambalo halitumiki na linatoa harufu, huenda maji ya kwenye pindo yamekauka tu. Mwaga maji jagi moja, usubiri. Harufu ikiisha, hukuwa na bomba lililoziba na umejiokolea fedha ya fundi.

Nje, karibu na ukuta wa jiko au bafu, nyumba nyingi za hapa zina kijishimo kidogo chenye chujio juu, ambacho mafundi wa kwetu hukiita gali trapu. Kipo chini kuliko bafu na choo cha ndani, na kimewekwa hivyo kwa makusudi: bomba likiziba, uchafu utokee pale nje kwanza badala ya sebuleni kwako. Kwa hiyo kikifurika, mshukuru aliyekijenga, halafu uchukue hatua. Nimeona watu wanakifunika kwa tofali na saruji kwa sababu kinanuka. Ukikiziba, umeyaambia maji taka yapite ndani.

JINSI YA KUJUA

Kanuni ya kwanza: kifaa kimoja kikileta shida, tatizo liko karibu na kifaa hicho. Sinki la jikoni peke yake likienda polepole, ni mafuta na mabaki ya chakula kwenye kibomba chake. Bafu peke yake, ni nywele na mabaki ya sabuni. Hilo unaweza kulimaliza mwenyewe kwa mpira wa kuzibulia au kwa kufungua lile pindo chini ya sinki, ndoo ikiwa chini yake. Lakini vifaa viwili au zaidi vikisumbua kwa pamoja, au kimoja kikijibu unapotumia kingine, acha kuhangaika na sinki. Shida iko mbele, kwenye bomba kuu.

Kuna sauti na mienendo ya kuangalia. Ukivuta choo, bafu linakoroma au kutoa mapovu. Ile ni hewa iliyokosa njia, inalazimika kupita kwenye maji ya pindo. Maji ya bakuli la choo yanapanda juu kuliko kawaida kisha yanashuka taratibu, au siku nyingine yanakuwa machache mno bila sababu. Mashine ya kufulia ikimwaga maji, bafu au gali trapu inafurika. Mashine ya kufulia, ndugu zangu, ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote, kwa sababu inamwaga maji mengi kwa dakika chache tu. Bomba lililoziba nusu linaweza kuvumilia choo na kuoga kwa wiki kadhaa, lakini siku ya kufua litasema ukweli.

Angalia nje pia. Sehemu ya uani yenye unyevu wakati hakujanyesha, majani mabichi kuliko kwingine yakifuata mstari mmoja, mende wengi wanaotoka kwenye chujio usiku, panya waliozoea kona fulani. Hizi zinaweza kuwa dalili za bomba lililopasuka. Nyumba za zamani mara nyingi zina mabomba ya udongo wa kuchoma, na mizizi ya miti huingia kwenye maungio yake ikifuata maji. Ikishaingia hunasa kila kitu kinachopita.

Dalili iliyo mbaya kuliko zote ni hii: maji machafu yanapanda kwenye bafu au choo chako wakati wewe hujatumia maji kabisa. Maana yake maji hayo ni ya wengine. Wanaoishi chini kabisa kwenye ghorofa wanalijua hili vizuri. Bomba la wima la jengo likiziba chini, uchafu wa ghorofa zote za juu hutafuta tundu la kwanza la chini kabisa, na tundu hilo ni bafu la mtu wa chini. Yeye hajafanya kosa, lakini ndiye anayeamka usiku na kukuta kinyesi sakafuni. Na wewe uliye ghorofa ya tano, ambaye choo chako kinavuta vizuri kabisa, ndiye unayemmwagia. Ndiyo maana watu wa chini wakipiga kelele kwamba maji yafungwe, tusiwaone wakorofi.

Kama una uani na chemba yenye mfuniko unaoweza kuinuliwa, mtu mzima auinue kwa glavu na atazame tu akiwa amesimama nyuma kidogo. Chemba ya karibu na barabara ikiwa imejaa maji yaliyosimama, kizibo kiko mbele yake, upande wa barabara. Ikiwa tupu wakati ndani ya nyumba maji yanarudi, kizibo kiko kati ya nyumba na chemba hiyo, yaani ndani ya kiwanja. Waulize na majirani wawili. Wakiwa na shida hiyo hiyo, ni bomba la barabarani.

Kutazama tu, nasema. Asiingie mtu kwenye chemba ndefu, hata kwa dakika moja, hata kama simu yako imetumbukia. Maji taka yaliyolala hutoa gesi ya salfaidi ya haidrojeni, yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, unadhani imeisha kumbe imezidi, na mtu huanguka hapo hapo. Anayeruka kumwokoa naye huanguka.

KUHUSU MVUA

Wengine huniambia, "Kwetu huziba mvua ikinyesha tu." Hapa Durban mfumo wa maji ya mvua na mfumo wa maji taka ni mabomba mawili tofauti. Maji ya mvua huenda mitoni na baharini bila kusafishwa, maji taka huenda kwenye mitambo. Shida ni kwamba watu huelekeza maji ya paa na ya uani kwenye gali trapu, kinyume cha sheria, na mvua kubwa ikija bomba dogo la maji taka linazidiwa. Ikiwa kwenu hufurika wakati wa mvua na kukauka jua likiwaka, angalia kwanza bomba la paa linamwaga wapi.

Mafuriko ya Aprili 2022 yalituonyesha upande wa pili. Mvua ile iliua zaidi ya watu 400 katika KwaZulu-Natal, na iliharibu vibaya mabomba, vituo vya pampu na mitambo ya maji taka ya jiji hili. Maji taka yakaingia mitoni na baharini, na fukwe zikawa zinafungwa na kufunguliwa kwa muda mrefu baada ya hapo kwa sababu ya vijidudu vya E. koli. Ikaongezeka na ile kukatwa umeme kwa zamu, hasa mwaka 2022 na 2023, pampu zikawa zinasimama. Kwa hiyo si kila kurudi kwa maji taka ni kosa la aliyetupa pedi chooni. Wakati mwingine nyumba yako ni nzima na jiji ndilo linaloumwa.

KINACHOZIBA

Hapa sitakaa sana kwa sababu wengi mnajua. Mafuta ya kupikia yanaongoza. Humwagwa sinkini yakiwa moto na majimaji, yakifika kwenye bomba la baridi yanaganda kama mshumaa. Mafuta ya pilau ya harusi yanaweza kuziba nyumba nzima, yaache yapoe, yatie kwenye chupa, chupa itupwe takani. Halafu vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto: hata kama pakiti imeandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni, haviyeyuki kama karatasi. Pedi, nepi, magazeti, mchanga na majivu ya kusugulia masufuria, wali. Kwa upande mmoja tunaotumia kopo la maji badala ya makaratasi tumewapunguzia mabomba kazi, hilo tujisifu kidogo.

Kwenye nyumba ya vyumba vingi weka ndoo ndogo yenye mfuniko chooni, na wanawake wote wa nyumba waambiwe ni ya nini. Mara nyingi pedi hutupwa chooni kwa aibu tu, kwa sababu hakuna pengine pa kuziweka na choo ni cha kuchangia na wanaume wasio ndugu.

UGONJWA UNATOKA WAPI

Watu wengi huogopa harufu na kudharau maji. Ni imani ya zamani sana. Hata neno malaria limetoka kwenye Kiitaliano na maana yake ni hewa mbaya. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika mtaa mmoja wa London, eneo la Soho, na madaktari wengi waliamini kinatoka kwenye harufu. Dakta John Snow akasema hapana, ni maji ya pampu ya Broad Street. Baadaye ilichunguzwa ikaonekana kwamba nyumba iliyokuwa mbele ya pampu ilikuwa na shimo la maji taka lenye matofali yaliyooza, futi chache tu kutoka kisimani. Katika nyumba hiyo mtoto mchanga alikuwa ameugua kuharisha, na mama yake alikuwa akimwaga shimoni maji aliyofulia nepi. Shimo moja bovu la nyumba moja, na mtaa mzima ukazikana.

Harufu ya maji taka itakuumiza kichwa na kukutia kichefuchefu. Kinachokupa ugonjwa ni kile kinachoingia mdomoni: kutoka sakafuni hadi kwenye mkono wa mtoto anayetambaa, kutoka kwenye kandambili hadi kwenye mkeka wa kulia chakula, kutoka kwenye miguu ya nzi hadi kwenye sahani. Kwa njia hiyo hupita kuharisha kwa kawaida, kuhara damu, homa ya matumbo, homa ya ini aina ya A, na minyoo. Kipindupindu pia, kama kipo katika eneo. Msidhani ni ugonjwa wa kwetu tu. Mkoa huu wa KwaZulu-Natal ulipata mlipuko mkubwa ulioanza Agosti 2000, wagonjwa wakapita 100,000, wengi wao vijijini ambako watu walikuwa wakinywa maji ya mito. Mwaka 2023 kiliua watu Hammanskraal, kaskazini ya Pretoria. Na waliokuwa Dar es Salaam Agosti 2015 wanakumbuka jinsi kilivyoanza pale na kuenea nchini.

Kuna ugonjwa mwingine ambao watu hawaujui, unaoletwa na mkojo wa panya kwenye maji machafu. Huingia kupitia mchubuko wa ngozi au macho. Mtu anapata homa kali, macho mekundu, na maumivu makali ya misuli, hasa nyuma ya miguu chini ya magoti, siku kadhaa baada ya kukanyaga maji yale. Akigeuka macho ya njano, ni hatari. Ukiwa na dalili hizo mwambie daktari waziwazi kwamba ulikanyaga maji taka, la sivyo utatibiwa malaria ukaishia hapo, hasa akijua ulitoka kusafiri Afrika Mashariki karibuni.

MAJI YAKISHARUDI NDANI

Cha kwanza ni kuacha kutumia maji. Nyumba nzima. Gonga kila mlango, waambie wa juu na wa uani, zima mashine ya kufulia hata kama iko katikati. Kila ndoo inayomwagwa sinkini inatokea kwenye sakafu ya mtu. Watoto watolewe kwenye chumba hicho. Kama maji yamefika kwenye soketi za umeme au nyaya za sakafuni, usikanyage mpaka umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na kama swichi yenyewe iko upande wa maji, mwite mtu wa umeme.

Usimwage dawa kali ya kuzibulia mabomba. Najua inauzwa kila duka na ni rahisi kuliko fundi. Kizibo cha bomba kuu kiko mita nyingi kutoka kwako, dawa haifiki, inabaki imelala kwenye maji ya choo au bafu. Mtu akija na mpira wa kuzibulia inamrukia machoni. Soda kali huunguza ngozi na jicho haraka sana, na mtoto akiinywa huunguza koo na njia ya chakula. Na kamwe usichanganye Jik na asidi ya kusafishia choo au na dawa yoyote nyingine. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha linatosha kukupeleka hospitali. Kama umeshamwaga dawa yoyote, mwambie fundi kabla hajagusa.

Kizibo kikishatolewa, usafishe hivi. Vaa glavu za mpira na buti, mwenye kidonda akifunike au akae pembeni. Zoa uchafu kwanza, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni, halafu ndipo uje na Jik. Watu huanza na Jik moja kwa moja juu ya kinyesi, na hiyo ni hasara, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu. Kikombe kimoja cha mililita 250 kwenye ndoo ya lita 10 za maji baridi kinatosha kwa sakafu na kuta za vigae. Acha dakika 10, madirisha yakiwa wazi, kisha suuza. Nguo zifuliwe peke yake kwa maji ya moto. Godoro na zulia lililonyonya maji taka, najua ni fedha, lakini halisafishiki. Litoke. Chakula kilichoguswa na maji yale kitupwe, hata kilicho kwenye mfuko wa plastiki. Aliyejikata au kuchomwa na kitu wakati wa kusafisha aende kliniki kuuliza kuhusu sindano ya pepopunda.

NANI ATENGENEZE?

Kwa kawaida bomba la ndani ya kiwanja ni la mwenye nyumba, na kuanzia pale linapoungana na la barabarani ni la manispaa. Kwenye ghorofa, bomba la wima la pamoja ni la wamiliki wote wa jengo kupitia kamati yao. Mpangaji hatakiwi kulipia bomba lililozeeka au mizizi ya mti. Anaweza kudaiwa kama ni yeye aliyeliziba kwa kutupa vitu, kwa hiyo mwombe fundi akuonyeshe alichokitoa na ukipige picha. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe wa simu badala ya kumwambia kwa mdomo tu, tarehe itabaki. Akikaa kimya, ipo sheria ya nyumba za kupanga ya mwaka 1999, na lipo baraza la mkoa linalosikiliza migogoro ya wapangaji na wenye nyumba bila malipo.

Kama ni bomba la barabarani, namba ya kupiga iko kwenye bili ya maji. Wapangaji wengi bili hatuioni, basi nenda kwenye kituo chochote cha huduma za manispaa, vile vinavyoitwa Sizakala. Eleza mtaa, namba ya nyumba, maji yanatokea wapi na tangu lini, na usiondoke au kukata simu bila namba ya kumbukumbu. Jirani naye aripoti. Malalamiko matano ya mtaa mmoja husikika kuliko moja.

MTOTO AKIANZA KUHARISHA

Usisubiri choo kitengenezwe ndipo uanze kumtibu. Kijitabu cha afya ya mtoto cha hapa kinafundisha maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vya chai 8 vya sukari visivyojaa kilima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, akitapika subiri dakika 10 uendelee polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kliniki watampa pia zinki, na aimalize hata kama kuharisha kumekoma.

Mpeleke mara moja ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, ngozi ya tumbo ukiibana hairudi upesi, analegea, anakataa kunywa, au kuna damu kwenye choo. Mtu wa umri wowote anayeharisha maji mengi meupe kama maji ya kuoshea mchele asingojee kupambazuke.

Najua sababu inayowafanya wengine wangojee. Mwaka 2025 vikundi vya watu vilisimama kwenye milango ya baadhi ya kliniki na hospitali hapa Durban vikiwazuia wageni, na wapo akina mama ambao tangu hapo wanatibu watoto ndani. Katiba ya nchi hii, kifungu cha 27, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na haikuandika raia, imeandika mtu. Mtoto aliyekaukiwa maji ni dharura. Nenda na mtu mwingine, nenda na kadi ya chanjo ya mtoto, na ukizuiwa mlango mmoja usirudi nyumbani, nenda mwingine siku hiyo hiyo.

Ukifika, mwambie muuguzi mwanzoni kabisa, kabla hajauliza, kwamba nyumbani maji taka yamerudi ndani na kuna watu wangapi wanaotumia choo hicho. Kipindupindu na homa ya matumbo ni magonjwa ambayo sisi wauguzi na madaktari tunalazimika kuyaripoti, na bwana afya wa manispaa atatumwa kuja kuangalia. Atataka kuona chemba, mnakochota maji, na wengine wanaoharisha humo ndani. Muonyesheni vyote, na yule wa chumba cha nyuma anayesema ni tumbo tu la kawaida naye aitwe.